Sketi ya Mchumba wa Neema

Kikuyu ya Ugogoni, Jumamosi

Na huyo kijana naye, nani alimtuma kusema ukweli wote?

Mchumba wa mjukuu wangu Neema ni Mskoti. Leo kaja kwetu kujitambulisha, kaletwa na wazee wa kanisa, kavaa sketi ya drafti. Nilipoguna, Neema akaninong'oneza, "Bibi, ndiyo nguo ya ukoo wao." Nikampa kiti. Ukoo nauheshimu.

Shemeji yangu, msemaji wa familia, akamuuliza, "Kitambaa hiki mlipewa na babu yupi?"

Kijana akasema kwao wanabishana. Wengine wanadai ni cha tangu zamani. Wengine wanasema wafanyabiashara wa vitambaa ndio waliogawa, kila ukoo na rangi zake, wala si zamani sana.

"Asiyejua nguo ya babu yake, ng'ombe wake siwapokei," shemeji akasema, akainuka. Neema kalia mpaka kalala.

Huyo shemeji! Shuka jekundu analojifunga ngomani akisema ni la Wagogo, wazee wake walilinunua dukani kwa Mhindi. Mama yangu alisema kabla ya hapo walivaa ngozi. Yeye mbona hatumuulizi?

Nikimwaibisha mbele ya watu, atasusa. Nikinyamaza, Neema ataolewa bomani kama hana kwao. Nageuka tu kitandani.

Kesho nikitoka kanisani nampitia shemeji kwake, nimwambie habari ya shuka lake tukiwa wawili. Akikataa, ng'ombe nitawapokea mimi, mwanamke, na watu waseme wachoke.