Dawa ya Mizizi Niliimwagia Sukuma Wiki

Mpendwa Shangazi Mugure,

Nisaidie kabla ya Jumapili ya shukrani, maana uongo wangu umekua mpaka sasa unataka kupanda madhabahuni. Binti yangu wa miaka kumi na mitatu, niliyempa jina la mama mkwe kama ilivyo desturi yetu, ana ugonjwa wa kurithi unaofanya makohozi yawe mazito na tumbo lishindwe kusaga mafuta, madaktari wanauita cystic fibrosis, na kwa miaka mingi alitibiwa nimonia tu mpaka mama mkwe alipombusu kipaji cha uso akasema mtoto huyu ana chumvi isiyo ya kawaida, tukamwambia daktari Nakuru, akapimwa jasho, ukweli ukajulikana. Tangu hapo mimi humgonga mgongo asubuhi na jioni makohozi yatoke, naye humeza vidonge vyake kila anapokula, na juzi alimaliza mbio za nyika za shule, wa thelathini na moja, nikalia mbele ya walimu bila haya.

Sasa mama mkwe ni mjuzi wa mitishamba, na kwa miaka miwili ameniletea chupa ya mizizi aliyochemsha mwenyewe, nami kwa kuogopa isigombane na dawa za hospitali, na kwa kuogopa kumwambia hapana, huimwaga kwenye sukuma wiki nyuma ya jikoni kisha namwambia, “Amekunywa yote, maitu,” yaani mama. Amelitangazia soko lote la Subukia kwamba mizizi ndiyo imemponya mjukuu, Jumapili atatoa ushuhuda, na jirani yangu Trizah, mwenye mtoto wa pumu, ameniambia, “Mimi pia nikipata hiyo dawa, hii pampu yake ya kuvuta naweka kando.” Nifanyeje?

Mwenye Sukuma, Kabazi

Mwenye Sukuma,

Hongera kwanza. Kugonga mgongo mara mbili kila siku si mchezo, na huyo wa thelathini na moja kwangu ni wa kwanza.

Sasa nikukaripie. Miaka miwili umemheshimu mama mkwe mdomoni ukamdharau nyuma ya jikoni. Kilichonawiri kwa mizizi yake ni sukuma wiki, na Trizah hajui. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia kwenye kifua cha mtoto wa mwenzako. Nenda kwa Trizah leo. Mwambie ukweli, na pampu isiwekwe kando hata siku moja.

Kisha nenda kwa mama mkwe, peke yako, usimtume mumeo. Atanuna, na ana haki ya kununa. Akitulia, mwalike kliniki pamoja na mizizi yake, daktari ajue ni mti gani, maana mmea nao ni dawa na dawa hugombana. Ulipaswa kuuliza hivyo siku ya chupa ya kwanza.

Lakini usimnyang'anye ushuhuda. Anao mkubwa kuliko wa mizizi. Wenye vyeti walikuwa wakitibu nimonia, yeye akajua kwa busu. Mfundishe kugonga mgongo, zamu ya jioni iwe yake. Jumapili asimame na mwenye jina lake aseme, “Mimi ndiye niliyeonja chumvi.” Nawe keti mbele, ulie tena bila haya.