Kumtuliza Tausi kwa Honi ya Treni

Jumatatu, jioni. Upepo wa kiangazi umevuma tangu adhuhuri, na vumbi limeingia hata ndani ya kabati la vitabu. Moyo wangu hauna raha, na sababu naijua.

Kila Jumatatu na Jumatano mjukuu wangu Asha hubaki shuleni kwa mazoezi ya mpira wa pete. Ana miaka kumi na miwili, na mwalimu wake wa michezo anasema huenda akachaguliwa kuichezea shule mwaka huu. Mdogo wake, Tausi, ana miaka minne. Mama yao anafanya kazi Isikizya, nje ya mji, na hurudi wakati wa magharibi. Kwa hiyo mimi humchukua Tausi na kuketi naye mkekani pembeni mwa uwanja hadi dada yake amalize, kisha tunarudi nyumbani Gongoni pamoja.

Kazi hiyo ilikuwa ya mke wangu. Alifariki kabla ya Ramadhani. Yeye alijua kumshughulisha mtoto: alikwenda na karanga za kumenya, alimwimbia, alimtania, na muda ukapita. Mimi nilifundisha darasani miaka mingi. Najua kumnyamazisha mtoto, sijui kumchezesha. Siku yangu ya kwanza nilimpa kibao na chaki aandike irabu. Aliandika moja, akalia mpaka Asha akaacha mchezo kuja kumbembeleza.

Siku ya mazishi Tausi alipelekwa kwa jirani, kama tufanyavyo kwa watoto wadogo. Aliporudi aliuliza bibi yuko wapi. Nilimjibu kwamba amepanda treni kwenda Kigoma kumtazama dada yake. Nilikusudia kumwambia ukweli baada ya arobaini.

Sikumwambia.

Na nikiri lililo baya zaidi. Siku ile ya kilio uwanjani, treni ilipiga honi kwenye reli iliyo jirani na shule. Tausi alinyamaza, akauliza kama bibi yumo. Nikamwambia asikilize vizuri, huenda akawamo katika ile ijayo. Akaketi. Alitulia muda wote uliobaki, mikono magotini, kama mwanafunzi hodari. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifanya hivyo kila mazoezi. Asha alicheza kwa raha, nami nilisoma gazeti langu.

Leo honi ililia nikiwa nimezama gazetini. Nilipoinua macho, mkeka ulikuwa mtupu.

Asha aliuona uso wangu. Aliutupa mpira, akakimbia kuelekea relini, nami nikimfuata kwa mkongojo. Tulimkuta Tausi kwenye kivuko cha reli, ameshikwa mkono na dereva wa bodaboda.

"Shikamoo, mzee. Huyu mkeo ana mbio! Eti anakwenda kumpokea bibi, mke mwenzake. Nimemwambia treni imeshapita, kanitukana mpaka nimekoma."

"Marahaba," nilijibu.

Asha hakucheka. Alimbeba mdogo wake mgongoni njia nzima. Tulipofika nyumbani akasema, "Babu, mimi mpira basi. Nitakaa na Tausi mwenyewe."

"Hapana, Asha."

"Basi mwambie. Mimi ananiuliza kila siku tukilala, na nimechoka kuusema uongo wako."

Katika miaka yangu yote ya kufundisha, hakuna mtoto aliyewahi kunitamkia neno kama hilo. Sikumkemea. Alikuwa na haki.

Kabla ya adhana ya magharibi nilimketisha Tausi barazani, nikamwambia kwamba bibi yake amekufa, kwamba tumemzika, na kwamba hakupanda treni yoyote.

"Na mimi nilikuwa nasikiliza," alisema.

Hakulia. Alishuka barazani, akaenda kukaa kwa dada yake. Hadi sasa hajanijia.

Asha atakwenda mazoezini Jumatano. Hilo nimeliamua, na Tausi nitakuwa naye mimi. Gazeti litabaki nyumbani. Lakini nitamfanyia nini mtoto huyu muda wote ule, sasa ambapo hana tena wa kumsubiri?