Bendi ya Baba Mkwe na Wimbo Wake Mmoja

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke mpaka umalize kusoma, maana hata mimi mwenyewe sijui kama nakuandikia kujisifu au kulia.

Mimi ni fundi cherehani, nina meza yangu sokoni kwenye safu ya mafundi, na pia napiga tarumbeta katika bendi ya mji wetu, ile inayoitwa kila panapokuwa na shughuli ya watu wote, iwe kisima kinazinduliwa, iwe timu imerudi na kombe, iwe diwani anaapishwa. Kiongozi wa bendi ni baba mkwe wangu. Ndiye aliyenifundisha tarumbeta nilipoolewa, alisema nyumbani kwake hakuna mtu wa kukaa bure, na nampenda Shangazi, kwangu mimi ni baba hasa, wala si mkwe. Tatizo ni kwamba baba ana wimbo mmoja. Ni wimbo wa mwendo wa polepole, aliutunga mwenyewe wiki ile tuliyomzika mama mkwe, na tangu hapo hapigi mwingine, kombe wimbo huo, kisima wimbo huo, diwani wimbo huo huo, na sisi wapigaji hakuna aliyethubutu kufungua mdomo, kwani utamwambia nini mtu aliyekufundisha hata namna ya kushika chombo?

Basi ikaja siku ya kufungua wodi mpya ya wazazi. Utepe ukakatwa, baba akainua mkono, tukaanza. Shangazi, ule muziki uliingia ndani kupitia madirishani, na mama mmoja aliyekuwa ameshashikwa na uchungu akamkamata mkunga mkono akamwuliza, "Nani amekufa? Niambieni ukweli, nani amekufa humu?" akaangua kilio, wa kitanda cha pili akadakia, mara wodi nzima inalia na meya bado yuko mlangoni na mkasi wake mkononi. Katibu wa baraza la mji alikuja kwetu amefura, akamkosa baba, akanipata mimi. "Wewe fundi," akaniambia, "muziki wa kufungua soko jipya utaupanga wewe. Mzee mwache apumzike kidogo."

Hapo ndipo nilipoharibu. Sikumwambia baba. Nilikuwa nawakusanya wenzangu wa bendi nyuma ya safu ya mafundi tunafanya mazoezi, na baba akiuliza mbona watu wote wako huko namwambia tunapima sare mpya, naye akasema, "Vizuri mwanangu, hizi zimechakaa," na ili uongo usimame nikatoa futi nikampima na yeye, mabega, kifua, mikono, amesimama wima kama askari, anafurahi, na mimi naandika vipimo vya sare ambayo sikuwa na nia ya kuishona.

Lakini ngoja nikusimulie siku yenyewe, Shangazi, maana nikiificha nitapasuka. Ujue soko letu la zamani liliungua, tukapoteza watu mle ndani, tukahangaika muda mrefu tukiuza barabarani juani, kwa hiyo soko hili jipya kwetu si jengo tu. Nikajiuliza, muziki wa soko ni upi? Nikasikiliza. Wapagazi wetu wakiinua gunia mmoja anatoa sauti na wenzake wanaitikia, ndipo gunia linaondoka chini. Nikaichukua ile sauti nikaipa tarumbeta, mwitikio nikawapa wa tromboni, na kwa mapigo nikawapanga mafundi wenzangu getini na cherehani zao, wanakanyaga pedali kwa pamoja. Nilipopuliza mara ya kwanza, kabla baba hajainua mkono, wapagazi walikuwa nje na mikokoteni yao, wamewekwa pale kama mapambo, wakasikia sauti yao wenyewe inatoka kwenye tarumbeta. Hawakungoja tromboni, Shangazi. Wakaitikia wao! Lango likafunguliwa, mikokoteni ikaingia kwa mwendo wa muziki, wauza nyama wakagonga visu kwenye magogo, kina mama wa matunda wakapiga sinia za mizani, mtu asiyekuwa na cha kugonga akagonga mlango, meya akasahau hotuba mfukoni akawa anasukuma mkokoteni wa vitunguu na koti lake la suti, na mama mmoja ambaye tangu moto ule hakuwahi kukanyaga soko nilimwona ameingia, anacheza, machozi yanamtoka na anacheka. Tulishinda, Shangazi. Sina neno lingine. Tulishinda.

Ndipo nikageuka kumtafuta baba. Alikuwa amesimama kando ya ngoma kubwa. Alivua kofia yake ya kiongozi, ile yenye ukanda mwekundu, akaiweka juu ya ngoma, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Tangu siku hiyo nyumbani hakuna ugomvi, na hilo ndilo linaloniumiza. Ananisalimia, anakula, anasema ahsante mwanangu. Tarumbeta yake imetundikwa msumarini na hata haitazami. Mume wangu ananiambia, "Rudisha hiyo kazi kwa katibu, yaishe. Baba kwanza." Na katibu anataka niwe mpangaji wa muziki wa shughuli zote za mji, anangoja jibu wiki hii, na shughuli inayofuata ni kuzindua ukuta wenye majina ya watu wetu waliokufa kwenye ule moto. Nimejaribu sauti ya wapagazi nikiivuta polepole, nimejaribu tromboni peke yake, kila ninachogusa kinatoka kama sherehe. Kazi naitaka, Shangazi, naitaka kweli. Je, niikubali nimpoteze baba, au nikatae nibaki naye?

Ni mimi,
Mkaza Mwana wa Tarumbeta


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mkaza mwana. Ulinikataza kucheka, nimecheka, na kina mama wa ile wodi wanisamehe. Nikacheka tena kwa meya na vitunguu. Kisha nikafika kwenye futi, kicheko kikakatika.

Kwanza pokea pongezi zako. Umeupa mji wako siku ambayo watu wataisimulia, na usiombe radhi kwa hilo, si kwa mumeo wala kwa mtu mwingine. Mwanamke akifanya kazi vizuri hivyo halafu akainama kama aliyeiba kuku, mimi hunipanda hasira.

Sasa tuongee. Umempima mzee wa watu mabega kwa sare ya uongo! Amesimama wima, anafurahi, na wewe unaandika! Hivi unadhani kilichomtoa sokoni ni muziki wako mzuri? Mtu aliyekufundisha chombo akusikie umekipuliza hivyo, aumie? Alitazama wapigaji wake wote, watu aliowalea, akagundua kwamba kila mmoja alijua isipokuwa yeye. Hata mafundi na pedali zao walijua. Hilo, binti yangu, lingenitoa hata mimi, na mimi nisingeondoka kimya.

Lakini hayo tutayashona. Kubwa zaidi ni jambo uliloliandika mwenyewe kwa mstari mmoja ukalipita mbio. Umesema wimbo ule aliutunga wiki mliyomzika mkewe. Halafu ukaenda kulilia wodi ya wazazi, kombe na kisima. Rudi, usome barua yako. Ule ni wimbo wa msiba, tena wa msiba wa kweli, na mzee wenu amezunguka nao mji mzima kwenye visima na makombe kwa sababu hakuna aliyempa mahali pa kuupiga. Bendi nzima ikaona haya kumwuliza, mkaiita haya hiyo heshima. Na wewe mwenye sikio la kusikia muziki ndani ya gunia, unahangaika na tromboni kutafuta wimbo wa ule ukuta, wakati wimbo wenyewe umetundikwa msumarini nyumbani kwako.

Kwa hiyo sikiliza, na usinijibu. Kazi ya katibu ikubali. Mumeo mwambie Shangazi amesema "baba kwanza" ni maneno mazuri, ila aliyemwambia yeye kwamba baba anataka uiache kazi ni nani? Amemwuliza?

Kabla ya kumjibu katibu, kaa kwenye cherehani yako ushone sare ya baba. Vipimo unavyo. Usishone ya mtu mwingine kabla ya hiyo. Ikiisha, mpelekee mchana kweupe, kaa chini mbele yake, na uanze na uongo wako. Usianze na katibu, usianze na wodi, usijitetee. Sema, "Baba, nilikudanganya, nisamehe." Nyamaza mpaka ajibu, hata akichelewa. Akishajibu, mwambie ukweli wa pili, kwamba umeshindwa na ukuta na unamwomba ule wimbo wa mama. Uite hivyo hivyo, wimbo wa mama. Kofia aliyoiacha juu ya ngoma mrudishie kwa mikono miwili, maana siku ile ataongoza yeye na wewe utasimama kwenye mstari upulize anachokuelekeza. Hiyo ndiyo kazi uliyopewa: kujua ni wimbo upi uende wapi na nani aupige. Kuanzia leo usipange muziki wa mji huu bila mzee huyo kujua.

Haya, funga barua, tia uzi kwenye sindano.


BARUA IMERUDI

Shangazi, nimeshona. Nilipomwambia nilimdanganya aliipapasa sare mshono kwa mshono mpaka nikatamani anichape, kisha akasema, "Nilijua siku ile ile uliyonipima, mwanangu. Fundi gani anapima sare hata hajaniuliza nataka vifungo gani?" Nikalia, akacheka. Nilipoutaja wimbo wa mama alisimama, akatoka nje, akarudi na tarumbeta mkononi.

Siku ya ukuta aliongoza yeye, amevaa sare mpya. Shangazi, wimbo ule nimeupiga kwenye makombe mpaka nikauchoka, na siku hiyo ndipo nilipousikia. Watu wote walisimama. Wapagazi walivua kofia. Yule mama aliyecheza sokoni alienda ukutani akaweka kiganja kwenye jina la mwanawe, akabaki hapo mpaka tukamaliza, na baba aliupunguza mwendo ili umtoshe. Ulipoisha hakuna aliyepiga makofi, nikadhani tunafunga vyombo tuondoke. Baba akanigeukia mbele ya mji mzima, akavua kofia yake yenye ukanda mwekundu, akanivalisha mimi. Akasema, "Haya. Sasa watoe watu hawa hapa wakiwa na nguvu. Piga ule wa magunia." Nikapuliza, Shangazi. Sijui pumzi ilitoka wapi. Mji mzima uliitikia, tukaenda nao mpaka sokoni, baba nyuma yangu anapiga ngoma kubwa, anachekelea kama bwana harusi, na mume wangu pembeni anasukuma mkokoteni.

Tatizo moja limebaki. Kofia ni kubwa, inanishukia machoni, nilikaribia kuingia kwenye mtaro mbele ya meya. Nimwambie baba aichukue?

SHANGAZI: Wee! Ukimrudishia nakuja mwenyewe kukuchapa. Wewe si fundi cherehani? Ipunguze.