Nia ya Joyceline

Alhamisi, 6 Juni 2024
Joyceline ameitwa kwenye usaili wa kazi! Duka la vitambaa la Mzee Mansukhlal, Mchafukoge. Wanataka msichana mmoja tu. Tangu amalize fomfoo yuko nyumbani, anajikaza mwanangu, mimi namwona.
Tatizo — na Shamsa ameitwa. Shamsa wa Mwanamkuu, wapangaji wenzetu, mlango unaofuata. Wamekula sahani moja hao tangu wadogo.

Jumamosi, 8 Juni
Jumuiya yetu ya kanisani leo imesali kwetu. Nimeazima viti, nimepika chai ya maziwa. Desturi yetu mwenyeji wa siku ndiye anatoa nia, wote tunaiombea. Nikamwachia Joyceline, ajiombee kazi. Akasimama.
"Tumuombee rafiki yangu Shamsa, apate kazi. Mama yake miguu imevimba, hawezi tena kukaa gengeni. Mama yangu mimi bado ana nguvu."
Wenzangu wakaitikia, ee Bwana utusikie. Mimi nikainuka kupanga vikombe.
Kwenye chai Jovitha akanichokoza, eti mwanangu kagawa kazi kama andazi, tena kwa Mwislamu. Mzee Tarsis, mwenyekiti wetu, akamjibu taratibu: mwaka mzima tunamuombea mumeo apandishwe cheo, Jovitha, kuna aliyekusema? Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kidogo.

Jumapili, 9 Juni
Nimemuuliza, kwani wewe kazi huitaki?
"Naitaka sana, mama. Ndiyo maana pale nilitetemeka."
Basi nikalia. Mtoto huyu nimemzaa mimi — mimi niliyeishia darasa la nne! Misa ya kwanza nimekaa benchi la mbele, na kilemba kipya. Wanione. Mama Joyceline ndiyo huyu.

Jumatatu, 10 Juni
Hinal, mkwe wa Mzee Mansukhlal, kapiga simu. Kesho asubuhi waende wote wawili, atachagua mwenyewe.
Shamsa yuko hapa kwetu, pasi yao imeungua. Joyceline anamnyooshea gauni — la Shamsa kwanza, lake bado limekunjwa. Anamfundisha kumsalimia Hinal kwa Kigujarati, kem cho, kem cho. Wanachekana.
Nimeshika rozari hapa mlangoni. Nimeanza na jina la mwanangu, likanikwama. Nimerudi mwanzo. Shamsa. Ee Mungu, Shamsa apate. Nasema kweli — sikia mdomo kwanza, moyo uko njiani unakuja.