Alama Nilizompa Adhel

Lodwar,
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu Esekon,

Ejok, kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Nyakuoth na watoto, na vumbi la malori ya Lokichoggio lisiwe limekurudishia kile kikohozi. Mimi mwili ni mzima ila moyo hautulii. Nimeianza barua hii mara tatu. Nakaa, nasimama, naenda mlangoni kutazama upepo unavyopeleka mchanga, narudi. Ningekupigia simu, lakini kwa simu ungenitania nikacheka, na neno lingebaki kooni.

Nianze na kazi. Wafadhili wa kituo chetu cha vijana walitaka kuchapisha mchezo mmoja wa mezani, ili vijana wa Lodwar na wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma wacheze pamoja. Ni mchezo wa kuigiza: mnazunguka meza, kila mtu anachukua mhusika wake, mmoja anaongoza hadithi, na sheria za mtunzi ndizo zinazoamua atakayefaulu. Mwishoni walibaki watunzi wawili. Waamuzi tulikuwa watatu: mimi, Ashley aliyetumwa na wafadhili kutoka Nairobi, na Bichiok, kiongozi wa vijana kambini.

Mtunzi wa kwanza ni mwalimu Mureithi, anayefundisha hesabu hapa Lodwar. Mchezo wake ni msafara unaotafuta maji. Kitabu chake kina kurasa arobaini, ramani ya visima aliyoichora kwa mkono, na jedwali la kila kitu, mvua, homa, hata uchovu wa punda. Mkibishana, mnarusha dadu, mnasoma jedwali, maneno yameisha. Nguvu yake ni haki. Hata mgeni wa siku ya kwanza haonewi. Tatizo lake, watu hutazama kitabu kuliko wanavyotazamana.

Wa pili ni Adhel, mama wa Sudan Kusini anayeuza nguo pale kambini. Sheria zake zinaenea katika ukurasa mmoja. Dadu hana, ana mfuko wa kokoto. Ukitoa kokoto nyeusi huambiwi umeshindwa. Unaulizwa swali, nawe lazima ujibu kwa kinywa cha mhusika wako. Bichiok alisema Mureithi amejenga dunia na Adhel amejenga watu. Ashley naye akahofia kwamba mchezo wa Adhel unamtegemea mno kiongozi, na kiongozi akizembea meza nzima inalala. Kwangu mimi wote wawili walisema kweli.

Wa Mureithi tuliucheza Lodwar wiki mbili zilizopita, tukacheka mpaka machozi punda wangu alipokufa kwa kiu. Jumatano tukaenda Kakuma kwa Adhel. Wahusika wake ni familia inayohama, na mimi nilipewa binti mdogo wa nyumba hiyo. Mara ya kwanza tu kutia mkono mfukoni, nikatoka na kokoto nyeusi. Adhel akanitazama kwa upole, akauliza, "Nani amebeba kosa lako?"

Wenzangu walidhani natafuta maneno. Nikasema joto limenizidi, nikatoka, nikawa nazunguka karibu na bomba la maji hadi wakamaliza bila mimi. Kisha nikajaza fomu. Mureithi nikampa tisa kati ya kumi. Adhel nikampa mbili, nikaandika kwamba mchezo wake haufai kwa vijana. Alama zangu ndizo zilizomwangusha, na Ijumaa Mureithi akatangazwa mshindi.

Mchezo haukuwa na ubaya wowote, kaka. Ulinishika pale nilipoficha.

Asubuhi ile fisi walipoingia zizini, wewe ulikuwa umelifunga vizuri usiku. Mimi ndiye niliyeondoa tawi la miiba mlangoni mwake alfajiri ili nimwone mwanambuzi aliyezaliwa, nikaenda zangu bila kulirudisha. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alipokupiga akisema mwana anayelala ulinzini si wake, nilisimama nyuma ya mama, nikanyamaza. Ulipoondoka na blanketi yako begani, nikanyamaza. Miaka kumi na mmoja nimekula katika nyumba uliyofukuzwa kwa ajili yangu, na kila ukipiga simu unaniuliza kama nimeshiba.

Jumanne iliyofuata nilimwambia Ashley afute alama zangu, kwa kuwa nilihukumu kwa woga. Alikasirika, na ana haki. Ameniondoa kwenye uamuzi. Atatafutwa mtu mwingine na michezo yote miwili ichezwe upya. Mwalimu Mureithi hanisalimii sasa, wala simlaumu. Alhamisi nikaenda kumwomba Adhel msamaha, nikamweleza yote. Alikunja nguo zake, kisha akaniuliza, "Na huyo kaka yako anajua?" Nikasema hajui. Akaniambia basi ungamo hilo nimelipeleka kwa mtu asiye mwenyewe.

Jana nilikwenda nyumbani, nikamwambia baba. Mama alilia. Nikangoja fimbo ya baba, ambayo haikuja. Jua lilipohamia upande wa pili wa nyumba, akaniuliza watoto wako wanaitwa nani. Unajua hajawahi kuuliza. Nikamwambia wa kike ni Akiru, na wa kiume ulimpa jina lake, Lokorio. Aligeuza uso, akaufuta kwa shuka. Akaniomba nirudie.

Sikuombi unisamehe kwa karatasi. Barua hii namkabidhi dereva wa lori kesho asubuhi, na Alhamisi nitapanda basi la Lokichoggio. Usipotaka kuniona nitaelewa. Nitakaa nje mpaka basi la kurudi. Lakini ukitoka mlangoni usishtuke: baba amesema nimshikie kiti kando yangu.

Msalimie sana wifi, na uwashike watoto vichwa kwa niaba yangu. Mama anakuombea kila asubuhi, hajaacha hata siku moja.

Ni mimi mdogo wako,
Akai