Kwanza Yako, Mama Sefu

Mukemwenza wangu Mama Asha, yaya yangu, mukubwa wangu, pale uliko,

Nakuandikia barua hii. Usicheke maandishi yangu, unajua masomo yangu iliishia darasa la pili. Lakini jana magaribi nimeshituka mpaka majani yote ya sombe imemwagika chini, na sina muntu wa kumuelezea isipokuwa wewe mwenyewe, sababu wewe njo ulileta jambo hii mu lupango ya nyumba yetu.

Ngoja nianze mbali kidogo. Unanijua, mimi siwezi kuanza karibu.

Unakumbuka siku walinitoa kazi ku magazini ya bitambaa? Mimi mpaka leo sijaamini. Ile magazini ilikuwa ya Mugreki, kisha serikali ikamupa Citoyen, mwananchi mumoja mwenye kutembea na fimbo, na tangu pale tuliuza bila kuleta bingine. Nilikuwa ninakata bitambaa pale mbele, na nilijua habari ya kila muntu anayeingia: nani anavalisha bibi yake, nani anavalisha bilo yake ya pili, yule mwanamuke wa inje. Juma nzima nilitangaza mu soko yote ya mutaa wetu wa Kasuku ya kwamba watafukuza sentineli. Nilimuhurumia hata, nilimupa karanga! Asubui moja, tulipomaliza kuimba mbele ya bendera ya chama, Citoyen akaniita.

"Citoyenne, unaona mwenyewe, hakuna tena kitambaa ya kukata. Rudia kwako."

Mimi! Nikamuuliza: "Na sentineli?"

"Sentineli anabaki. Nani atalinda?"

"Atalinda nini, Citoyen? Panya?"

Akaangalia saa yake. Na sentineli mwenyewe njo alinifungulia mulango nitoke, mudomo yake imejaa karanga yangu. Yarabi! Mimi mwenye kujua yote, ile yangu njo sikuijua.

Nilipofika nyumbani ulikuwa unapanga samaki yako ya moshi mu kitunga, ile walikuletea toka Lokandu uuze ku soko. Niliogopa kukuambia. Tulikuwa wanawake wawili wa bwana mumoja, zamu yako, zamu yangu, na kila mumoja na chumvi yake. Nilijua utafurahi. Wewe ukaniangalia toka kichwa mpaka miguu, ukasema tu: "Leo ni zamu yako ya kupika. Kazi njo imeisha, zamu haijaisha."

Nilikuchukia siku ile, yaya. Kweli kabisa.

Na bwana yetu naye, mbele ya kushuka ku boti kwa safari yake ya Kisangani, akasema: "Nikirudi nikikuta Mama Sefu hana kazi, ataenda kijijini Tunda kwa kaka yake kulima muchele. Midomo hapa ni mingi." Tunda! Mimi! Kule kuku ikilala na watu wanalala. Ningemuambia nani habari? Mihogo? Na Sefu wangu angesoma wapi?

Lakini magaribi ikafika, na magaribi unajua ilikuwa saa yangu. Majirani walikuja na vinu vyao kutwanga sombe pamoja na sisi, na mimi nilikuwa na habari ya moto toka asubui: bibi wa mukubwa mumoja wa serikali amekutana na bilo ya pili ya bwana yake kule ku maji, na wote wawili walivaa kitambaa moja, ua moja, rangi moja. Na nani aliikata zote mbili? Mimi hapa! Nimekaa, nimevuta pumzi, wanawake wameacha kutwanga. Wewe ukanyanyua mukono.

"Ngoja. Kwanza yako."

"Yangu gani?"

"Yako wewe. Leo umeuliza kazi kwa nani?"

"Leo? Leo jua ilikuwa kali, yaya, na mimi mwenyewe kichwa…"

"Umeuliza kwa nani?"

"Hakuna."

"Basi ya wale wanawake italala mpaka kesho. Twangeni, wamama."

Wee! Majirani walilalamika kama watoto walionyanganywa muwa. "Mama Asha, utatuua!" Mwenye nyumba ya pembeni akasema: "Basi anidokeze mu sikio tu." Wewe hapana. Na mimi habari ilinichoma usiku mzima, nilikuwa ninageuka mu kitanda kama samaki mu mafuta. Asubui mbele ya jua kutoka niko ku njia. Si juu ya kazi, nisikudanganye. Nilienda kuuliza kazi nipate kusema ile habari.

Nikauliza ku bandari. Nikauliza ku hospitali. Magaribi nikarudi mbio, lakini wewe hukutosheka.

"Walijibu nini? Maneno yao yenyewe."

"Walisema hakuna."

"Nani alisema? Alikuwa amekaa ao amesimama? Alisema hakuna leo, ao hakuna kabisa?"

Nikashituka. Hii njo kuuliza kwangu mimi, vile ninavyouliza habari ya watu! Sikujua hata kama alisema leo ao kabisa. Ukaniambia: "Rudi ukamuulize." Na siku ile ingine nilisema nimesikia kwa masista hawatafuti muntu, ukasema: "Kusikia si kuuliza. Wewe unasikia tangu ulizaliwa." Majirani walicheka mpaka muchi moja ikaanguka mu moto. Nilipojibiwa vibaya na karani mumoja wa bandari, yule mwenye meno ya inje, nikarudi na machozi, hukunifariji hata kidogo. Ulinipa kipande ya samaki, ile ya tumbo yenye mafuta, ukasema: "Kula, kisha tuambie kesho unaenda wapi." Kisha ndio ukaniacha niseme ya wengine, na nilisema mpaka mwezi ukatoka.

Sasa nikuambie kitu sikukuambia wakati uliishi. Asubui moja nilikuwa nyuma ya ukuta ninaoga, na mwenzako wa soko alikuja kukuchukua. Nilimusikia. Alisema: "Mama Asha, unajisumbua juu ya nini? Muache aende Tunda, utabaki na bwana peke yako." Nilisimama na sabuni mu macho. Wewe ukajibu: "Nibaki na yule peke yangu? Akianza kusimulia safari zake, nani atanichekesha?"

Yaya, ile maji ya kuoga ilikuwa baridi lakini mimi sikusikia tena baridi.

Kisha ikabaki bulanjeri, pale wanapooka mukate. Magaribi moja uliacha kuchambua muchele, ukasema: "Umetaja milango yote ya Kasuku. Ya mukate hujaitaja. Juu ya nini?" Majirani wakaangalia chini. Wote walijua. Mimi njo nilitangaza ya kwamba bibi wa muokaji anapiga bwana yake na muko ya kusongea ugali. Na ni kweli anamupiga! Lakini ningeenda kumuomba kazi na uso gani? Wewe ukasema: "Bwana anarudi na boti inayokuja. Enda na uso huo huo, huna ingine."

Nikaenda. Yule mama alinisimamisha mbele ya watu wote wanaongoja mukate, muko mu mukono. "Ni wewe njo redio ya Kasuku?" Alinitukana, akatukana mama yangu, akatukana magazini ya bitambaa. Watu walicheka, na walivyokuwa wanacheka wakakaribia, wakanunua. Mimi nilijibu kidogo, unanijua, siwezi kunyamaza. Mukate ikaisha mbele ya saa. Akaangalia kitunga tupu, akaniangalia mimi, akasema: "Kuja kesho. Na ukitaja tena jina yangu, nitakuoka mu furu pamoja na unga."

Magaribi ile nilipomaliza kusema yangu, wewe hukupiga makofi. Ulisema tu: "Vizuri. Sasa leta ya wengine." Lakini niliona mukono yako inapangusa jicho. Ulisema ni moshi ya samaki. Samaki yako siku ile ilikuwa imeshaisha yote ku soko, yaya. Moshi gani?

Basi. Niliuza mukate miaka mingi, na kila magaribi, hata na kazi mu mukono, ulisema "kwanza yako," nami nilisema. Kisha ukaanguka na homa wakati mvua ilianza, na mvua haijaisha, wewe uliisha. Mimi mwenye kujua nani ana mimba mbele ya bwana yake kujua, hii sikuiona inakuja. Ku kilio watu walingoja niseme, sababu mimi ni musemaji. Nilifungua mudomo, ikabaki wazi tu kama mulango ya nyumba waliyohama. Bwana yetu mwenyewe hasimulii safari tena. Anakaa, anaangalia mukeka yako.

Na sasa sikia: bulanjeri nayo imefunga. Unga haifiki tena na treni. Juma iliyopita tulikuta furu baridi, na yule mama amekaa juu ya gunia tupu na muko yake, hana hata nguvu ya kumupiga muntu. Nilishituka vile vile kama mara ya kwanza, utasema sijajifunza kitu. Nikakaa nyumbani. Magaribi nilisema habari ya watu, nilisema, nilisema, majirani wakacheka, na hakuna muntu alinisimamisha. Hakuna! Kesho yake tena. Nilijiona nimekuwa bure kabisa, kama bomba inayovuja tu.

Jana Asha wako alifika na mutoto mu mugongo, kututembelea. Amekaa kwenye kinu yako. Mimi nikakaa, nikavuta pumzi, nilikuwa na moja tamu sana ya bibi wa muokaji. Asha hakunyanyua hata macho. Akasema:

"Mama mudogo, kwanza yako."

Sauti yako, yaya! Sauti yako yenyewe, na ile kukata maneno kama unakata kichwa ya samaki. Nilipiga yowe, nikamwaga sombe, mutoto akalia, majirani wakakimbilia wakafikiri ni nyoka. Asha ananiangalia tu, anangoja. Nikasema: "Hakuna." Akasema: "Basi tutwange." Na tulitwanga kimya. Katika lupango yangu mimi, kimya!

Basi leo nimeamka mbele ya jua. Sikia yangu. Ku bandari, yule wa boti alikuwa amesimama, maneno yake yenyewe: "Mama, sisi wenyewe tunangoja mushahara." Nikauliza: leo ao kabisa? Akacheka, akasema kabisa. Ku jikoni ya hospitali, sista alikuwa amekaa, amesema nirudi juma ingine. Nitarudi.

Lakini ungeniuliza ni mulango gani sijaitaja. Ungeona tu. Ni meza yako ku soko. Iko pale, tupu. Jumamosi ya salongo, ile kazi ya usafi ya watu wote, wenzako wanafagia pande zote nne, hawaruhusu muntu ingine kuweka hata nyanya. Wale wa Lokandu bado wanapita na samaki, wanauliza: "Wenye meza hawajafika?" Mimi napita ku njia ya nyuma, karibu na mufereji, nisiione.

Kuuliza njo kuuliza, na kule hakuna muntu wa kuuliza isipokuwa wewe. Basi nakuuliza, Mama Asha: kazi iko? Iko leo, ao hakuna kabisa? Kesho asubui nitafika pale nisimame mbele ya meza, na nitangoja mpaka nijue umenijibu nini.

Ile ya bibi wa muokaji iko hapa juu ya ulimi, inaniwasha. Siisemi. Yangu haijaisha.

Lala pema, yaya, na uniwekee nafasi kwenye mukeka.

Mimi mukemwenza wako mudogo,
Mama Sefu