Bakuli la Githeri Nyumbani kwa Halmoni

Jumanne, 10 Oktoba 2006
Da-eun ameanguka shuleni! Kipindi cha michezo, akaenda chini pu! Mama yake ametoka kazini mjini Sterling mbio, akampeleka kwa daktari. Jibu: damu imepungua mwilini, mtoto hali chakula vizuri. Miaka kumi na minne tu!

Na si kwamba nyumba hii ina njaa. Halmoni—ndivyo Wakorea wanavyomwita nyanya, nami nimezoea—anapika tangu alfajiri na nyonga yake hiyo mbovu. Mimi nimeajiriwa kumtunza yeye, lakini jikoni hanikaribishi. Wali, supu ya mwani, samaki, mboga za kila namna. Mjukuu wake Da-eun anapita na soda na chipsi za pakiti, zile nyekundu za kuwasha.

Alhamisi, 12 Oktoba
Leo nimemfuma. Anamwaga chakula cha kubeba shule kwenye pipa la nje—wali, yai, kimchi ile kabichi yao chachu yenye harufu kali, vyote! Nikamuuliza kulikoni. Akanieleza kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba mwaka jana alifunua mkebe shuleni, wenzake wakashika pua. Tangu hapo anashinda na njaa. Na nyumbani je? Eti anaogopa nguo zitanuka.

Akaniomba nisimwambie Halmoni. Nikaahidi. Mimi na huruma zangu!

Jumatatu, 16 Oktoba
Nilikuwa nakula githeri yangu ya jana, nimeipasha moto. Da-eun akasimama karibu. Hiyo ni nini? Nikamwambia ni mahindi na maharagwe, chakula cha kwetu Meru, onja. Akaonja. Akakaa! Alimaliza bakuli zima na kulikwangua. Nilifurahi nikakaribia kuimba—maharagwe hayo, damu itarudi!

Kugeuka, Halmoni yuko mlangoni na mkongojo wake. Akarudi chumbani polepole, akafunga mlango.

Nimejipalia makaa.

Jumanne, 17 Oktoba
Hakupika. Tangu nianze kazi hapa, ndiyo mara ya kwanza nyumba haina harufu ya wali. Ana sukari, akimeza vidonge bila kula ataanguka na yeye. Nilimbembeleza kama mtoto mchanga, akala ndizi nusu.

Nilitaka kumwambia: Mama, sikukuibia mjukuu. Nawapenda nyote wawili, wewe na huyo mtundu wako. Kwa lugha gani? Kikorea sijui, na Kiingereza chake ni maneno kumi.

Da-eun aliporudi nikamweleza ukweli: nyanya yako hataki kula, na ni kwa sababu yetu. Akatazama viatu vyake. Halafu akauliza kama kesho nitaleta githeri. Nikasema hapana. Roho iliniuma kweli.

Jumatano, 18 Oktoba
Halmoni amepika! Nimefika nikakuta kajifunga aproni. Wali leo ni wa zambarau, ametia maharagwe meusi. Na juu yake—jamani!—mahindi ya kopo. Kumbe juzi pale mlangoni alikuwa anakagua bakuli langu. Mwanamke mwenye majivuno ya upishi kama yeye! Nilikimbilia chumba cha kufulia nikalia kidogo.

Saa kumi kasoro. Da-eun amerudi, ameitwa mezani, na amekaa! Naandika nimeegemea mashine ya kufulia, mlango nimeuacha wazi kidogo. Najua si adabu. Mabakuli mawili mezani. Mtoto ameshika kijiko, anayatazama yale mahindi.

Kwao mdogo haanzi kula mpaka mkubwa ainue kijiko. Halmoni hainui. Nilidhani bado ana hasira. Siyo. Anakigusa kijiko, anakiachia—anaogopa! Akiinua tu, mtoto itabidi ale au akatae, na akikataa leo sijui huyu mama atapika nini tena.

Da-eun amesema kitu kwa Kikorea. Polepole, anatafuta maneno. Siku zote humjibu kwa Kiingereza! Sijui amesema nini. Halmoni amemtazama, kisha amekishika kijiko tena. Wali unapoa.

Inua, mama. Inua tu—